Mikono Hufunguka Saa Tatu

Daktari wa Chake alikuwa kijana, na kalamu ya kijani.
Akachora fundo la kidole nyuma ya karatasi ya vipimo,
akalizungushia vijiti: hawa askari wako, mama.
Wamekosea nyumba. Wanavunja mlango wa mwenye mji.
Kisha akaandika jina lake. Baridi yabisi.

Nikacheka, Mungu anisamehe.
Baridi gani, Machi hii, Pemba hii,
feni ya kliniki inazungusha jasho la watu?
Yabisi ni ya bibi yangu, nikamwambia,
ya wazee wa kukandwa magoti kwa mafuta ya karafuu.
Mie nina miaka arubaini na moja.
Akasema: hii haiulizi umri.

Nikarudi Wete na vidonge vya Ijumaa,
sita kwa mpigo, mara moja kwa wiki,
usisahau, tena usizidishe,
chupa yenye kizibo cha kubonyeza na kuzungusha.
Nikabonyeza. Hakikuzunguka.
Nikakaa nayo kitandani, dawa ya mikono
inayotaka mikono.

Sasa alfajiri najua nisiyokuwa nikiyajua:
kwamba kopo la udhu lina uzito,
kwamba kifungo cha gauni ni komeo,
kwamba bomba likifungwa na mwanamme
limefungwa.
Vidole vimeumuka kama donge la maandazi.
Naviloweka kwenye bakuli la maji ya moto, nasubiri.
Jogoo wa kwa Asaa amewika mpaka amechoka,
watoto wamekwenda skuli,
na mimi ngumi bado haijafumba.
Mikono hufunguka saa tatu, kama duka la mvivu,
na Mpemba hafungui duka saa tatu.
Ndiyo maana naona haya.

Jirani wana lao. Mkasi anasema ni kijicho,
kofia zangu zilisifiwa mno.
Sikubishana. Kikulacho ki nguoni mwako;
changu kimepita nguo, kimepita ngozi,
kinaniita kwa jina la utotoni.

Kofia ya Bi Raya iko juu ya kabati, mfukoni.
Ukanda umekwisha, duara limebaki nusu,
vitobo sijui mia ngapi,
kila kimoja kinywa kidogo cha uzi mweupe.
Mwanawe anaoa Mfunguo Tatu.
Mwezi mzima nimemwambia "kesho",
mikono nimeificha chini ya kanga kama ya wizi.

Juzi akaja mwenyewe. Akakaa jamvini, akanywa chai.
Nikaitoa. Nikaiweka mapajani mbele yake,
yote miwili, myekundu mafundoni,
kama watoto walioletwa kwa kosa.
"Haitawahi, Bi Raya."
Kijiko kikagonga kikombe.
Akaishika. Hakuikanda, hakuisomea,
aliishika tu, kama mtu ashikavyo yai la mwenziwe.
"Basi ataoa na ya babake," akasema.
"Hii ataivaa akipata mtoto."
Kisha akaomba sukari.

Usiku Faki, mume wangu, mchuma karafuu,
vidole vimempasuka kama magome,
aliwasha taa ya simu akaanza kutunga uzi.
Akaulamba. Akakosa tundu. Akalaani, akastaghafiru.
Asubuhi nikakuta sindano saba zimechomekwa kwenye mto,
kila moja na mkia wake mweupe,
na chupa mezani, kizibo kimelegezwa.
Sikumshukuru. Nilimpikia uji mzito, aupendao,
nikamwita aje auteue mwenyewe jikoni
kwa kuwa sufuria sikuweza kuinyanyua.

Leo Ijumaa. Alfajiri nimeswali juu ya kiti cha plastiki,
mara ya kwanza.
Paji limeinama; sakafu haikuja.
Hapo nimelia kidogo, si sana.
Saa tatu na robo nimechomoa sindano ya kwanza.
Vitobo vinne. Cha nne kimepinda.

Zamani ningekifumua.
Nimekiacha, nikatia cha tano.